KOSA LAKO LIMEKUFUNDISHA NINI?

Rafiki yangu kijana, karatasi hii imefika mkononi mwako. Labda umeipokea kwa sababu aliyekupa alikunyooshea mkono ukaona haya kukataa. Labda umeikuta kwenye kiti cha daladala. Hata kama huna habari na mambo ya kanisa, usiikunje kwanza. Swali lililomo humu ni lako, uwe mtu wa dini au usiwe.

Swali ni hili: makosa yako yamekufundisha nini?

Sikuulizi kama umekosea. Hilo tunalijua wote wawili. Umewahi kumwamini mtu asiyestahili kuaminiwa. Umewahi kula ada uliyopewa na mama, ukasema imeibiwa. Umefeli, umefukuzwa kazi, umempa mtu mimba au umepewa, umekopa hela ukazimaliza kwa wiki mbili. Hapo hakuna jipya chini ya jua la Afrika Mashariki. Ninachouliza ni hiki: baada ya hayo yote, kichwani kimebaki nini?

Wengi hujibu haraka, "Nimejifunza." Siku hizi neno hili linatoka mdomoni kama salamu. Mtu kafilisika: nimejifunza. Mtu kafumaniwa: nimejifunza. Muulize basi, umejifunza nini hasa? Atakutazama. Atasema, "Yaani, nimejifunza tu." Huyo, ndugu yangu, hajajifunza kitu. Ameumia. Kuumia ni jambo moja, kujifunza ni jingine, na mtu anaweza kuumia miaka thelathini bila kujifunza hata siku moja.

Tena tunao msemo ambao kila mtu anaujua: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nusu ya pili ya msemo huu naikubali. Nusu ya kwanza ndiyo inayonipa taabu. Ati kufanya kosa si kosa? Nenda kamwambie hivyo mama ambaye mtoto wake amegongwa na pikipiki. Mwambie, "Mama, dereva alikuwa hajawahi kugonga mtu, hii ni mara yake ya kwanza, kwa hiyo si kosa." Utaweza? Kosa la kwanza ni kosa kamili. Tunasema msemo ule ili tupumue, na ni sawa mtu apumue, lakini tusiugeuze kuwa cheti cha kutuachia huru.

KOSA HALINA MDOMO

Watu husema kosa ni mwalimu. Mimi nasema kosa halina mdomo. Linatokea, linaacha jeraha, linaondoka. Maneno ya somo unayaweka wewe mwenyewe, na unaweza kuyaweka ya uongo.

Chukua mambo ya mikeka. Kijana ameweka timu kumi. Jumapili usiku tisa zimeshinda, moja imemchania mkeka dakika ya tisini. Analala na huzuni. Asubuhi anawaambia wenzake kijiweni, "Jamani nimejifunza! Ile timu moja ningeitoa, saa hizi ningekuwa naongea mengine." Je, amejifunza? Tupige hesabu kidogo, usiogope. Tuseme kila timu aliyoichagua ni nzuri, ina nafasi mbili katika tatu za kushinda. Nafasi ya zote kumi kushinda kwa pamoja haifiki 2 katika 100. Na nafasi ya kukosa kwa timu moja tu ni mara tano ya nafasi ya kushinda. Umeona? Kukosa kwa timu moja si ishara kwamba alikuwa amekaribia mlango. Ndivyo mchezo wenyewe ulivyo. Utamkosesha kwa timu moja tena na tena, na kila mara ataona kama alikuwa karibu. Kosa limetokea, somo ameliandika yeye, na somo lenyewe linamrudisha dirishani wiki ijayo akiwa na hela ya kodi ya chumba.

Mwingine anaendesha gari amelewa, anafika salama. Yeye naye "amejifunza": kumbe mimi nikinywa naendesha vizuri zaidi! Na mwingine ameachwa na msichana mmoja, akajifunza kwamba wasichana wote ni waongo. Nchi nzima imejaa watu waliojifunza uongo kutokana na mambo ya kweli yaliyowapata.

Basi kujifunza ni kazi. Ni kukaa chini na kuuliza: jambo hili lilianzia wapi? Maana kosa haliwi pale linapoonekana. Huyu aliyekula ada hakuanza kuila siku ile dukani. Alianza siku alipoiweka mfukoni badala ya kwenda nayo benki moja kwa moja, akasema, "Nitaipeleka kesho, leo nipite kwanza kwa washikaji." Ukitafuta kosa dukani hulipati. Liko kwenye lile "kesho".

KIJANA WA KARATU

Waulize wazee wako habari za Filbert Bayi. Alizaliwa Karatu mwaka 1953. Mwaka 1972, akiwa kijana wa miaka 19, alikwenda Munich, Ujerumani, kwenye Michezo ya Olimpiki. Akakimbia mita 1500, akakimbia na mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Zote mbili akatolewa raundi ya kwanza. Akarudi mikono mitupu.

Miezi michache tu baadaye, Januari 1973, alikuwa Lagos kwenye Michezo ya Afrika. Kwenye mita 1500 alikuwepo Kipchoge Keino wa Kenya, yule ambaye kule Munich alichukua dhahabu katika mbio zilezile za viunzi na maji. Bayi akashinda, Keino akawa wa pili. Halafu tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akatoka mbele tangu mwanzo, hakumsubiri mtu. John Walker, mwenyeji, akamfukuza mpaka mwisho, naye pia akaishinda rekodi ya zamani, lakini hakumpata. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia, mtoto wa Karatu!

Wale wahubiri wa mafanikio wanaouza semina wangeishia hapo. Alianguka, akainuka, akafanikiwa, makofi tafadhali. Mimi sitaki uishie hapo, kwa sababu maisha yake hayakuishia hapo, na ya kwako hayataishia hapo.

Mwaka 1976 Olimpiki ilikuwa Montreal, Kanada. Dunia nzima ilisubiri kuwaona Bayi na Walker. Nchi nyingi za Afrika zikasusia, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Tanzania nayo haikukimbia. Walker akachukua dhahabu. Sasa nikuulize wewe: hapo Bayi alikosea nini? Hakuna. Kama angekaa chini kutafuta kosa lake la mwaka 1976, angejitesa bure. Kuna mambo yatakupata ambayo si kosa lako. Baba alikufa ukiwa darasa la tano. Kiwanda kimefungwa. Mvua haikunyesha. Usiokote somo mahali ambapo hapana kosa, utajifunza kujichukia tu.

Kisha ikaja Moscow, 1980. Safari hii alikimbia viunzi na maji, mbio zilezile zilizomtoa mapema Munich. Akatoka mbele kama kawaida yake, akawaacha wenzake mbali. Lakini alitoka kwa kasi mno. Mzunguko wa mwisho Bronislaw Malinowski wa Poland akampita. Bayi akapata fedha. Na fedha hiyo si ya kudharau hata kidogo: mpaka Michezo ya Paris 2024, Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, hiyo na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5000, zote za Moscow 1980. Lakini angalia vizuri. Mtindo uliompa rekodi Christchurch ndio huohuo uliomchosha Moscow. Ushindi nao una makosa ndani yake, na ni vigumu kuyaona kuliko yale ya kushindwa, kwa kuwa umati unashangilia. Kijana unayefanikiwa leo kwa ujanja, kwa mdomo mtamu, kwa mwili mzuri, unafundishwa kitu kila siku. Una uhakika ni cha kweli?

MWENZAKO AKINYOLEWA

Hapa atasimama kijana mmoja na kuniambia, "Bwana, unaongea kirahisi. Mtoto wa tajiri akikosea anapewa mtaji mwingine. Mimi nikikosea mara moja, kwisha habari yangu." Kaka yangu, maneno yako ni kweli tupu, na nimechoka kusikia watu wakiwaambia vijana maskini "jaribu, ukosee, ujaribu tena" kana kwamba kila mtu ana mjomba Ulaya. Mwenye mifuko kumi ya mbegu anaweza kupoteza mmoja kwa majaribio. Mwenye kopo moja akilipoteza, watoto hawali.

Kwa hiyo maskini inampasa awe mwanafunzi mkali kuliko tajiri. Na shule yake ya bei nafuu ni makosa ya wengine. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Nitakupa mfano wa hapa hapa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, mkoani Kagera, mwaka 1983. Watu hawakujua ni nini. Waliita majina ya mitaani, wakasema ni uchawi wa wafanyabiashara wa mpakani. Kufikia mwaka 1987, uchunguzi katika mji wa Bukoba ulikuta kwamba kati ya watu wazima 100, karibu 24 wana virusi. Karibu mtu mmoja katika kila wanne! Dawa hakuna. Migomba inabaki bila mwenye kupalilia, bibi mzee analea wajukuu saba.

Mwaka 1993 hesabu katika mji huo ilikuwa kama 18 katika 100, na mwaka 1996 kama 13. Tusidanganyane, sehemu ya kushuka huko ni makaburi. Lakini ilishuka sana kwa wasichana wenye umri mdogo, wale ambao ndio kwanza walikuwa wanaanza maisha. Yaani kuna watu waliosimama kwenye mazishi, wakatazama, wakaenda nyumbani wakabadili mwenendo. Hawakusubiri yawapate wao. Hakuna aliyewapigia makofi wala kuwapa medali, na majina yao hatuyajui. Walifaulu mtihani mgumu kuliko yote, wa kujifunza kwa jeraha lisilo lao.

Na hapa niseme neno, maana kuna watu wenye ndimi kali. Usidhani kila aliyekufa kwa UKIMWI alikosea. Mke aliyeletewa ugonjwa nyumbani alikosea nini? Mtoto aliyezaliwa nao je? Leo dawa zipo, mtu anaishi miaka mingi na kulea watoto wake. Aliye nao ni ndugu yako. Ninachosema ni kwamba wapo waliotazama wakaelewa.

Wapo pia waliotazama, wakalia, na wasielewe kitu.

MACHOZI SI SOMO

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria, ikiwa imekaribia Mwanza. Meli ile ilikuwa na nafasi ya abiria 430 hivi. Waliokuwemo hawajulikani idadi yao kwa hakika mpaka leo, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Makadirio mengi ya waliokufa yanafika 800 na kupita. Makaburi yao mengi yako Igoma, Mwanza. Nchi nzima ililia. Bendera zilishushwa nusu mlingoti.

Kuna jambo moja la siku ile ambalo halitoki kichwani mwa wengi. Meli ilipinduka, lakini ilibaki ikielea tumbo juu, na ndani kulikuwa na watu hai, wanagonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka kwenye tundu lile, meli ikashuka chini. Waliotoboa walikuwa na nia njema, nani atawalaumu kwa nia? Lakini mara nyingi mtu akishakosea, kile anachokimbilia kufanya ili arekebishe ndicho kinachommaliza. Umepoteza hela ya watu, unakimbilia kausha damu ili urudishe. Riba inapanda, unakopa kwa mwingine ili umlipe wa kwanza. Umetoboa tundu, rafiki yangu. Kabla ya kurekebisha, tulia ujue ni nini kinachokushikilia juu ya maji.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Mamia wakafa. Julai 2012, MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Na tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, watu wakitoka gulioni Bugolora. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao ni zaidi ya 220.

Zaidi ya 220, katika chombo cha watu 101! Miaka 22 baada ya Bukoba, katika ziwa lilelile.

Hivi tulikuwa hatujalia vya kutosha mwaka 1996? Tulilia sana. Tuliimba, tuliomba, tuliweka mashada. Kila mwaka ikifika tarehe 21 Mei tunakumbuka. Lakini machozi ya 1996 hayakumhesabu abiria wa 2018. Kilichohitajika kilikuwa kitu kidogo, tena cha kuchosha: mtu mmoja asimame mlangoni na kalamu, ahesabu, na akifika 101 aseme basi. Hata kama wa 102 ni shangazi yake. Hata kama giza linaingia na jua la sokoni limewachosha watu. Hata kama akimwongeza mmoja anapata nauli moja zaidi mfukoni. Hilo tu.

Naomba ulifikirie hili kwa makini kijana, maana ndipo wengi tunapopotea. Tunadhani somo likiwa kubwa, litakuja na jambo kubwa: kuhama mji, kubadili jina, kuapa mbele za watu, kufunga siku arobaini. Kumbe somo la kweli karibu siku zote ni dogo kama kalamu. Mlevi anayetaka kuacha, somo lake ni kupita njia nyingine siku ya mshahara. Aliyekula ada, somo lake ni kuitoa hela mikononi saa ileile. Anayempiga mkewe, somo lake ni kutoka nje ya nyumba sauti inapoanza kupanda, si baada ya kupiga, wala si maua ya kesho yake. Majuto yanatazama nyuma na kulia. Kutubu, hata ukiondoa mambo ya dini, ni kugeuza miguu, na miguu inageuzwa hatua moja moja.

NANI AMELIPA ADA?

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike karatasi hii.

Tukimrudia Bayi, kosa lake la Moscow lililipwa na miguu yake mwenyewe. Alikimbia mno, akachoka yeye, akapitwa yeye. Hiyo ni haki. Lakini wale abiria waliokaa chini ya sitaha ya MV Bukoba, wamekosea nini? Mmoja alikuwa anakwenda Mwanza kununua bidhaa, mwingine anarudi shule. Mtu mwingine alikosea, wao wakalipa.

Sasa lete jambo hilo nyumbani. Mvulana na msichana wa kidato cha tatu wamepatana, msichana akapata mimba. Wamekosea wote wawili. Kwa miaka mingi hapa Tanzania msichana alifukuzwa shule, mvulana, kama hakutajwa, akaendelea na masomo. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba wanaruhusiwa kurudi. Vizuri sana. Lakini hesabu miaka yote ya kabla. Yule mvulana akamaliza kidato cha nne, cha sita, akaenda chuo. Leo ni mtu mwenye kazi. Anaitwa kuongea na vijana. Anashika kipaza sauti, anasema, "Ujana ulinifundisha mengi. Sijutii makosa yangu, yamenijenga kuwa mtu niliye leo." Makofi.

Ada ya somo hilo amelipa nani? Kuna mwanamke anauza mihogo ya kukaanga mahali fulani, na kuna mtoto ambaye hajui sura ya baba yake. Hao ndio walioisomesha hiyo hekima inayopigiwa makofi.

Je, ni vibaya yule mwanaume kufanikiwa? Hapana. Je, alichojifunza ni uongo? Hapana, pengine kweli amekuwa mtu mwangalifu, mume mwema. Hata angekataa kufanikiwa, mwanamke yule asingepata hata shilingi. Lakini mtu hawezi kusema "kosa lile lilikuwa zuri kwangu" wakati hati ya deni iko kwa mtu mwingine. Kukua kwako, kama kumelipiwa na mwenzako, ni mali ya mkopo. Si ya wizi, ni ya mkopo. Na mkopo unarudishwa.

Hata kama hujawahi kukanyaga kanisani, pengine umesikia habari za Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, yule mfupi aliyepanda mti. Watu wanakumbuka mti. Mimi nakumbuka hesabu. Alipobadilika, hakusimama kutoa hotuba kwamba dhuluma zimemjenga. Alisema aliowadhulumu atawarudishia mara nne, na nusu ya mali yake akaitoa kwa maskini. Kubadilika kwake kulikuwa na tarakimu. Nitajie za kwako.

Najua utasema, "Nikirudi kwake nitafumua jeraha. Sasa hivi ameolewa. Mume wake hajui." Hapo umesema jambo la maana, na si kila mhubiri atakuambia hivi: kuna mtu ambaye hupaswi kwenda kwake. Ukienda kupiga magoti ili wewe usinzie vizuri usiku, na yeye abaki na vita ndani ya nyumba, umemkopa mara ya pili. Usiende kujisafishia kwake. Lakini ada ya mtoto inaweza kwenda kwa mkono wa bibi yake. Sare zinaweza kununuliwa. Ukiulizwa siku moja, kubali. Vitu hivi havihitaji kipaza sauti.

Na yule ambaye aliyemkosea amekufa? Hili ni zito, sitalifanya jepesi. Niseme habari ya kijana wa bodaboda, maana wako wengi wa namna hii, na labda mmoja wao anasoma hapa akiwa amekaa juu ya pikipiki yake kijiweni. Alibeba mishikaki, watu watatu nyuma, usiku, taa ya mbele mbovu. Wakaanguka. Mmoja hakuamka. Kijana akakaa ndani, akatoka, familia wakakubali kuyamaliza, maisha yakaendelea. Yule aliyekufa halipiki. Huwezi kumrudishia mara nne, huwezi kumrudishia hata robo. Kuna wanaokata tamaa hapo, wakaingia kwenye gongo. Kuna wanaofanya moyo kuwa jiwe, wakasema ajali ni ajali.

Lakini deni halifi kwa sababu mdai amekufa. Linahamia kwa wanaofanana naye. Kijana yule anadaiwa na kila mtu anayekaa nyuma yake. Atatengeneza taa kabla ya kununua viatu. Atakuwa na kofia ngumu mbili, na ya pili atamvalisha abiria hata akilalamika kwamba inaharibu nywele. Na saa nne usiku, wakija watatu waliolewa wakisema, "Twende wote, tunakupa elfu sita," atasema nabeba mmoja. Watamtukana. Watakwenda kwa mwenzake aliye upande wa pili wa barabara, naye atawabeba, na yule kijana atabaki pale na tanki linaloonyesha nyekundu na hesabu ya bosi haijatimia. Ile elfu sita aliyoikataa ndiyo malipo ya siku hiyo. Kesho kuna mengine.